Anayekungoja Ndiye Aulizwe Kwanza: Kupanga Safari ya Jamaa kwa Treni Hadi Kigoma

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama. Nilipoipokea nilifikiri nizungumzie kazi yangu ya mipango serikalini, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha tangu nilipotoka Chuo Kikuu. Baadaye nikaona kwamba watu waliosafiri mwendo mrefu ili waonane hawakuja hapa kusomewa makadirio. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mpango mdogo kuliko yote niliyopata kuandika, nao ndio ulionishinda mara ya kwanza. Ni mpango wa kumleta mke wangu na watoto wetu watatu nyumbani Ujiji kwa treni, kutoka Dodoma ninakofanya kazi.

Najua wapo watakaocheka na kusema, "Hilo nalo ni la kupangwa? Mtu hukata tiketi, hupanda, hufika." Hata mimi ndivyo nilivyodhani. Nawaomba mnistahimilie kidogo, kisha mtaamua wenyewe kama ni la kuchekwa.

Sisi watu wa upande huu wa nchi tumelelewa na reli. Kabla yake, mtu aliyetoka pwani kuja Ujiji alikuja kwa miguu. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, na aliponyosha mkono kumwamkia Livingstone chini ya mwembe wa Ujiji, miezi kama saba au minane ilikuwa imekwisha kupita. Hao ndio wanaotajwa vitabuni. Wapagazi waliobeba mizigo yao kichwani walitembea njia ile ile, na wengine wao waliirudia mara nyingi kuliko mzungu yeyote. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kilomita zaidi ya 1,200. Haikuletwa Ujiji, mji mkubwa wa wakati ule, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina kirefu kinachofaa meli. Na meli yetu ya Liemba ilipita juu ya reli hiyo hiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku, ikaja kuunganishwa upya hapa Kigoma.

Wakubwa zetu waliopo hapa watakumbuka pia kwamba treni ndiyo iliyowafanya wawe Watanzania. Mtoto wa Kasulu alipewa waranti ya serikali akaenda kusoma Pugu, na mtoto wa Morogoro akaletwa Kigoma. Katika chumba kimoja cha behewa mlikuwa na Mha, Mgogo, Mnyamwezi na Mluguru, na kufika Tabora mmekwisha kula chakula cha chungu kimoja.

Kwangu mimi reli ilikuwa karibu zaidi ya hapo. Marehemu baba yangu alikuwa katika genge la watengeneza njia, upande wa Uvinza na Kazuramimba. Kazi yao ilikuwa kutembea juu ya njia na nyundo na spana, wakikaza palipolegea na kujaza kokoto palipotitia. Miaka yangu ya kwanza niliishi katika nyumba za genge zilizo kando ya reli, na saa ya nyumbani kwetu ilikuwa treni. Baba alistaafu, tukahamia Ujiji kwa mama, na mwaka 2016 alifariki. Alikuwa amewaona wajukuu zake mara mbili tu, tena Dar es Salaam, alipokuja kutibiwa.

Kwa nini hakuwaona Ujiji? Hapa sina budi kusema kweli mbele ya wanafunzi. Mtumishi wa serikali ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na kila baada ya miaka miwili husaidiwa nauli ya kwenda nyumbani yeye na wategemezi wake. Mimi nilijaza fomu hizo bila kukosa. Mahali pa kuandika "mahali pa likizo" niliandika Ujiji. Nilipopata fedha nilinunua saruji. Mwaka mwingine nilinunua mabati. Nyumba yangu imesimama, na ni nzuri, lakini kila nikiitazama najua ni ukuta upi uliojengwa kwa nauli ya kwenda kwa baba. Mwenyewe nilikuja kwa ndege siku ya mazishi, nikarudi baada ya siku tatu. Watoto walibaki na masomo yao.

Hata hapo sikushtuka. Aliyenishtua ni mtu baki, tena katika nchi ya mbali. Mwezi Agosti 2019 nilikwenda Roma, Italia, kwa mafunzo ya majuma matatu. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa kule, kazi hufungwa, nami nikaitumia nafasi hiyo kupanda treni iendayo kusini, kupita Napoli, mpaka Messina katika kisiwa cha Sicilia. Ni treni ya ajabu kidogo. Ikifika ukingo wa mlango wa bahari, mabehewa hukatwa mafungu, yakaingizwa ndani ya meli pamoja na abiria, yakavushwa ng'ambo.

Lakini nililolibeba moyoni halikuwa meli. Katika chumba changu alikuwamo mzee mmoja na mkewe, binti yao, mkwe wao na wajukuu wawili. Walikuwa na mikate, jibini na matunda ya kulisha behewa zima, nami nikakaribishwa. Kijana wao alijua Kiingereza, akatufasiria. Mzee alifanya kazi ya kiwanda huko Torino, kaskazini kabisa. Nilielezwa kwamba watu wengi wa kusini walikwenda kaskazini kutafuta kazi, na kila Agosti hurudi vijijini kwao. Yeye hakuwahi kukosa. Akaniuliza nyumbani kwa wazazi wangu ni mbali kiasi gani kwa treni. Nikasema, kutoka ninakokaa, usiku mmoja na sehemu ya mchana. Akauliza, "Na watoto wako wanapapenda?" Ndugu zangu, nilijifanya natazama nje dirishani. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi. Hajawahi kuona Ziwa Tanganyika.

Niliporudi nikaapa. Kisha likaja janga la UVIKO, tukakaa. Desemba 2021 nikasema sasa.

Nasimulia safari hiyo ya kwanza kama somo la namna ambavyo safari haipangwi. Niliipanga mimi, peke yangu, ofisini, kwa kalamu nyekundu. Nilichagua Desemba kwa sababu likizo yangu iliangukia hapo. Mke wangu nilimwarifu. Watoto niliwatangazia. Mama nilimpigia simu nikamwambia, "Tutafika Alhamisi." Nilitaja mpaka saa.

Siku mbili kabla ya kuondoka ndipo nilipokwenda stesheni. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, kila mwenye kwao anakwenda kwao. Vitanda vilikuwa vimekwisha, kwa kuwa wenye akili walikata mapema. Nikalazimika kungoja treni iliyofuata, ambayo ingetufikisha Jumapili. Hata katika hiyo tulipata vitanda vilivyotawanyika. Katika daraja la pili la kulala wanawake huwekwa chumba chao na wanaume chao, kwa hiyo mke wangu na mabinti wawili walikuwa behewa moja, mimi na kijana wangu behewa jingine. Usiku kucha nilikuwa napita katika kijia cha mabehewa kama mkagua tiketi, nikienda kumtuliza mtoto mdogo aliyekuwa akilia mlangoni. Nje hatukuona kitu. Chakula tulichobeba kiliharibika kabla ya Tabora.

Hayo yote ni madogo. Msafiri kafiri, na taabu ya njiani husahaulika. Lisilosahaulika ni hili. Nilipojua kwamba hatutafika Alhamisi, niliona haya kumwambia mama kwa mdomo kwamba nilichelewa kukata tiketi. Nikamwandikia ujumbe katika simu. Mama yangu hasomi. Simu yake ni ya kupokea tu, na nilimnunulia mimi. Mimi niliyesomeshwa kwa jasho lake mpaka Chuo Kikuu, nilimwandikia mama asiyesoma, kisha nikalala usingizi nikijua nimekwisha kutoa taarifa.

Jumapili tulishuka Kigoma, hapana mtu. Tukakodi gari mpaka Ujiji, tukamkuta amejilaza mkekani. Mtoto wa jirani ndiye aliyenieleza. Alhamisi mama alikwenda stesheni kabla ya jua, amebeba sufuria ya wali na migebuka. Alikaa mpaka abiria wa mwisho akatoka. Akamwomba mtu amtazamie ndani ya mabehewa, huenda watoto wamelala. Chakula akawapa mahamali. Ijumaa alikwenda tena, ingawa aliambiwa hapana treni siku hiyo. Aliponiona hakunigombeza. Alisema tu, "Treni ilikuja, mwanangu. Ninyi hamkuwamo."

Tulikaa siku nne, kwa kuwa siku nyingine zilikwisha kuliwa na njia. Watoto waliliona ziwa mara moja, mvua ikinyesha.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 1969, alipokuwa akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alilifundisha taifa kwamba kupanga ni kuchagua. Mimi nimeifanyia kazi kauli hiyo miaka mingi. Katika kurudi kwetu Dodoma ndipo nilipojiuliza, kuchagua kwa niaba ya nani? Nilikuwa nimechagua kila kitu kwa kufuata tarehe zangu, na anayetungoja sikumwuliza hata neno moja. Nikaanza upya. Haya ndiyo niliyojifunza, na ambaye atapenda kuyafuata ayafuate.

Jambo la kwanza: mwulize anayekungoja. Safari ya pili niliianza kwa kumwuliza mama, "Unataka tuje lini?" Akajibu upesi, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari: "Njooni kiangazi, wakati wa giza." Mke wangu, ambaye ni wa Iringa, hakuelewa. Ninyi wa hapa mmeelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi haiwavuti, na nyavu hupumzika. Mama alitaka wajukuu wake waone taa za wavuvi ziwani, zilivyojipanga kama mji. Basi nikatafuta katika kalenda likizo ya shule ya Juni 2023, nikatazama mwezi unaandama lini, nikaomba likizo yangu hapo. Ofisini waliniuliza sababu ya kubadili tarehe. Nikasema, "Mwezi." Hawakuuliza tena.

Hapa naongeza tahadhari kwa watakaokuja sasa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ulizeni kwanza, msije mkawaahidi watoto taa zisizowashwa.

Jambo la pili: wekeni siku za akiba. Reli si saa ya ukutani. Kwa wanaotoka Dar es Salaam kwa njia ya zamani, mnajua kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe kinavyopakana na mto; mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata njia hapo. Kiangazi ni salama zaidi. Lakini hata kiangazi, acheni siku mbili za kwenda na siku mbili za kurudi zisizo na kazi yoyote. Mpango usio na siku ya akiba ukikwaruzwa kidogo huvunjika wote. Na anayewangoja mwambieni, "Tutaondoka siku fulani, na tukipita Uvinza tutakupigia." Msimtajie saa ya kufika. Saa ni mzigo mzito kwa mtu anayewapenda.

Jambo la tatu: kateni tiketi mapema, na kateni chumba kizima. Chumba cha daraja la pili cha kulala kina vitanda sita. Jamaa ikivichukua vyote sita, hutenganishwi na mkeo wala watoto, na mlango unaufunga mwenyewe. Sisi tuko watano. Kitanda cha sita tulimpa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye alikuwa hajawahi kuvuka Tabora. Kwa hiyo anayedhani kitanda kilichobaki ni hasara, atafute shangazi au mpwa. Ratiba na siku za treni hubadilika, kwa hiyo msitegemee maneno yangu wala ya jirani. Nendeni stesheni mkaulize.

Jambo la nne: fedha zigawanyeni kabla ya kuondoka. Sisi tulitumia bahasha tatu: ya nauli, ya njiani, ya nyumbani. Nauli ya kurudi iliwekwa kwanza kabisa, ikafungwa. Wengi wetu tunajua aibu ya kukopa nauli kwa mzee uliyekwenda kumsaidia. Bahasha ya nyumbani ilikuwa ya mama na ya jamaa, kwa maana huwezi kwenda Ujiji mikono mitupu. Hapo ndipo tulipochagua kwa kweli. Watoto walitaka kwenda Gombe kuwaona sokwe. Tulipiga hesabu ya boti na viingilio mbele yao, mezani, wakaona wenyewe kwamba ni ama Gombe ama siku tano zaidi kwa bibi. Walichagua wao. Sikuwasaidia.

Jambo la tano: bebeni chakula kidogo, na acheni njia iwalishe. Maji ya kunywa, mkate, mayai ya kuchemsha na matunda vyatosha kuanzia. Saranda utapata kuku dirishani, Tabora utapata asali, na kila kituo kina chake. Mtoto anayenunua karanga mwenyewe kwa fedha yake, treni ikiwa inakaribia kuondoka, hujifunza hesabu kuliko ubaoni.

Jambo la sita: kila mtu apewe kazi. Binti mkubwa alishika daftari la stesheni, akaandika jina la kila kituo na saa tuliyofika. Kijana alishika tiketi, akawa hazitoi hata kwangu bila kuuliza ninazitakia nini. Mdogo alipewa kazi ya kumpigia bibi yake simu tukipita Uvinza. Tangu Dodoma alikuwa akiuliza, "Hii ndiyo Uvinza?"

Basi tukaondoka. Baada ya Bahi na Kintinku treni ilianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni, watoto wote dirishani. Tabora tulikaa muda mrefu, kama ilivyo desturi, mabehewa yakipangwa, mengine ya Mwanza, mengine ya huku kwetu. Safari ya kwanza nilinung'unika hapo. Safari hii tulishuka tukanyoosha miguu, na nikawaonyesha watoto namna behewa linavyofungwa na kufunguliwa. Usiku tulilala wote sita katika chumba kimoja, na mke wangu akasema tangu tuhamie Dodoma hatujapata kulala sote pamoja hivi.

Alfajiri nilikuwa macho, kwa kuwa nilijua tunakoelekea. Tulipopita Uvinza mdogo wangu alipiga simu, akapiga kelele mpaka chumba cha jirani wakaamka. Kisha nikawaita watoto wote upande mmoja wa dirisha. Nikawaambia watazame chini, watazame njia yenyewe, zile kokoto na mataruma. "Kipande hiki," nikasema, "babu yenu alikikaza kwa mikono yake." Zikatokea nyumba za genge, zilezile, fupi, karibu na njia. Nikawaonyesha ile niliyoishi nikiwa mdogo. Ilipita kwa muda wa kuhesabu moja mpaka kumi, ikapotea. Binti yangu akauliza jina la mahali pale aandike daftarini. Nikamwambia hapana stesheni hapo, hapana jina katika ratiba. Akafikiri kidogo, akaandika: "Kwa Babu. Saa mbili kasoro robo."

Ndugu zangu, ndege haipiti hapo. Ndiyo sababu nilitaka waje kwa treni, ingawa mpaka dakika ile sikuwa nimejua kuisema.

Mama alikuwa stesheni. Alikuwa amekaa kivulini, ametulia, kwa sababu alijua tumekwisha kupita Uvinza. Wiki mbili tulizokaa yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mpango. Aliwapeleka wajukuu penye mnara wa Livingstone, akawaeleza habari za Ujiji wa zamani kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia hata mimi. Usiku wa tatu walikaa naye ufukoni mpaka saa nne, wakahesabu taa za wavuvi wakapoteza hesabu. Mwanangu wa kiume sasa anajua kuanika dagaa, na anajua mawese mazuri kwa kuyatazama tu. Tulipoondoka mama alifunga safari nasi mpaka mlango wa behewa, akamwuliza kijana, "Tiketi zako unazo?" Akazionyesha.

Kuna mambo mawili madogo kabla sijakaa.

Kwa ndugu wanaokaa Dar es Salaam: tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya inakwenda Morogoro na Dodoma, na safari ya Dar es Salaam mpaka Dodoma imekuwa kama ya saa nne. Anayetaka kuunganisha akumbuke kwamba stesheni mpya ya Dodoma na ile ya zamani mjini si mahali pamoja, na ajiwekee muda wa kutosha kati ya moja na nyingine, hata ikibidi kulala. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo ikikamilika, safari yetu itafupika sana. Mimi nitafurahi. Lakini reli ya kasi itafupisha njia tu, haitafupisha uzembe. Aliyeshindwa kwenda nyumbani kwa usiku mmoja atashindwa pia kwenda kwa saa chache, na atanunua saruji vilevile. Na anayetaka kuwapandisha watoto Liemba aulize bandarini kwanza, kwa kuwa mzee yule ni wa siku nyingi na amekuwa katika matengenezo.

Kwa ninyi wanafunzi: watu huuita mji huu mwisho wa reli. Ukiwa umezaliwa hapa, ndipo reli inapoanzia. Mtaondoka kwa njia hiyo, na tunawaombea mwende mbali. Mkipata kazi, mkijaza fomu za likizo mkaandika Ujiji, au Kasulu, au Kibondo, basi nendeni. Wapelekeni na watoto wenu kungali na mtu wa kuwapokea. Baba yangu alitembea juu ya njia ile miaka yote ili treni za watu wengine zifike salama, na treni yenye wajukuu wake ilipita miaka saba baada ya yeye kuzikwa. Hilo siwezi kulipanga upya.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nasikia chakula kinaandaliwa, lakini mtaniwia radhi, mimi jioni hii nakula Ujiji. Mama anajua kwamba nitakuja baada ya hotuba. Sikumtajia saa.